Jiwe la Chumvi na Ugonjwa wa Nakiete

Bariadi

Mdogo wangu Yonaza,

Naanza na neno unalolisubiri, ili mengine uyasome ukiwa umetulia: mwanao Nakiete yu hai, anakula, na jana alitembea mwenyewe kutoka kitandani hadi kwenye benchi la nje ya wodi. Sasa nikusalimu. Hujambo? Na shemeji yangu, mama Nakiete, mgongo wake umepoa? Mvua imeshuka huko Upareni, au tangawizi bado inasubiri? Mimi sijambo, isipokuwa magoti yananikumbusha umri.

Nimeamua kuandika kwa sababu kwenye simu hukasirika kabla sijamaliza sentensi. Ulisema wakwe wamemlisha mwanao kitu, na kwamba utakuja kumchukua umpeleke kwa mganga. Isome barua hii hadi mwisho kabla hujakata tiketi.

Unajua ugonjwa ulivyoanza. Nakiete alikuwa akitoka ofisini kwake Lagangabilili amechoka kama aliyelima kutwa. Akakonda. Akawa anatapika, na akisimama ghafla anaona giza. Alitibiwa malaria, akatibiwa taifodi, akatibiwa vidonda vya tumbo. Hakuna kilichosaidia. Kisha ngozi yake ikazidi kuwa nyeusi, na hapo ndipo maneno ya watu yalipoanza. Wengine walisema amerogwa na mke mwenza, ingawa Masanja mumewe hana mke mwingine. Masanja akampeleka kijijini kwa mama yake apumzike na apate maziwa. Aliporudi kutoka huko alikuwa amebebwa, tukamlaza hospitali hapa Bariadi.

Daktari bingwa wa magonjwa ya ndani aliyempokea ni mwanamke kijana, mpole wa sauti, mkali wa maswali. Alimfunua viganja akaitazama mistari yake, akamfungua mdomo akazitazama fizi. Zilikuwa na mabaka meusi. Presha ilikuwa chini, sukari chini, na damu imepungukiwa chumvi.

"Kuna kitu unachokitamani kuliko kawaida?" akamwuliza.

"Hakuna."

"Hata udongo? Wanawake wengi hula udongo, si aibu."

"Dokta, mimi nakula kama watu," akajibu, akageukia ukutani.

Nilimwona Masanja akitazama viatu vyake. Sikuelewa kwa nini.

Mchana, wakati wa kuona wagonjwa, mama Masanja alifika na ugali na samaki wa Lamadi. Ni mfugaji, na husema kila jambo kwa sauti ya kuitia ng'ombe. Nakiete alionja, akaisukuma sahani.

"Mayu, hakina chumvi." Ndivyo wanavyomwita mama huku.

"Na hutaipata! Ng'ombe wangu wamebaki wanalamba udongo kwa ajili yako, mwanangu. Unataka wodi nzima ijue?"

Daktari alikuwa kwenye kitanda cha jirani. Akageuka.

"Mama, umesema ng'ombe wanalamba nini?"

"Utani tu, dokta. Mambo ya mkwe na mkwe."

"Basi nitanie na mimi."

Mama akamtazama Masanja, Masanja akanitazama mimi. Nikasema kwa sauti niliyoitumia darasani miaka yangu yote ya kazi, "Mama, sema."

Akasema. Wafugaji wa huku huwawekea ng'ombe jiwe la chumvi zizini ili walilambe. Nakiete alikuwa akienda huko kwa siri, akilikwangua na kulamba unga wake. Mama mkwe alimkuta, akaona aibu: mke wa mwanawe, mtu wa ofisini, anashindana na ndama! Tena aliamini kwamba chumvi hiyo ndiyo iliyokuwa ikimtapisha. Akalifungia jiwe sandukuni, akawa anampikia chakula kisicho na chumvi hata chembe, na wote watatu wakakubaliana kwamba hospitali hawatasema. Alifanya hivyo kwa mapenzi, Yonaza. Mapenzi hayo yalikaribia kumwua.

Daktari hakugomba. Alimshika mama bega akamwambia, "Umenisaidia sana. Mwili wake ulikuwa unajitafutia dawa."

Akatueleza kwamba juu ya kila figo kuna tezi ndogo. Za Nakiete zimeharibika, hazitoi tena homoni za kuuwezesha mwili kutunza chumvi na kushikilia presha. Ndiyo sababu ya kukonda, kuzimia, ngozi kuwa nyeusi, na kuitamani chumvi. Ni ugonjwa adimu unaojifanya magonjwa mengine. Akasema dawa ikifanya kazi, hamu hiyo itakwisha yenyewe.

Damu ilipelekwa Mwanza kupimwa, lakini daktari hakusubiri. "Nikisubiri, majibu yatamkuta hayupo," aliniambia. Akamtundikia dripu ya maji ya chumvi na kumchoma sindano ya homoni aliyoikosa. Niliketi kando yake na Biblia mkononi, nisisome mstari hata mmoja. Asubuhi iliyofuata alifumbua macho akanitazama kwa muda.

"Baba mkubwa, umevaa sweta ndani nje."

Ni kweli nilikuwa nimelivaa hivyo. Sijapata kufurahi kiasi hicho kwa kusahihishwa.

Majibu yamerudi na kuthibitisha. Picha ya tumbo imewafanya washuku kifua kikuu kilichojificha kwenye tezi hizo, wala si mapafuni, nacho ameanza kutibiwa. Vidonge vya homoni atavimeza kila siku, maisha yake yote. Akipata homa ataongeza dozi kama alivyoelekezwa. Akitapika vidonge, aende hospitali mara moja. Kwa hiyo sitaki kusikia habari za mganga. Atakayemwambia aviache vidonge hivyo atakuwa amemwua. Nalisema hili nikiwa kaka yako mkubwa, na sitalirudia.

Ukitaka kuja, njoo, lakini uje kama mkwe, na wa kwanza kumsalimia awe mama Masanja.

Msalimie shemeji, na umwambie alale sasa. Msalimie shangazi yetu Nambua, aliyemlea Nakiete kipindi kile mlipokuwa Tanga, na mchungaji wetu, kwa maombi yake.

Nimekubakizia jambo moja. Leo mchana mama Masanja alileta mchuzi wa kuku na kikopo cha chumvi. Alikiweka kikopo mbele ya mkwewe kabla ya kumpakulia mtu yeyote, akakaa kimya, jambo ambalo kwake ni mwujiza. Nakiete akaonja, akakunja uso.

"Mayu, mchuzi umezidi chumvi."

Mama aliketi sakafuni pale pale wodini, akacheka huku machozi yakimtoka. Kisha akapaza sauti yake ile ya zizini:

"Masanja! Nenda kalirudishe jiwe. Ng'ombe wamesubiri vya kutosha."

Kaka yako akupendaye,
Mwalimu Eliamini