Kibuyu cha Kogo Kwenye Miraba

Jumatatu, 3 Machi

Nimefuma sweta sita leo, zote za kijani. Bado nembo za shule. Kabla ya chai nikachora kibuyu tena kwenye simu. Ni cha tatu. Miraba thelathini na miwili kwenda juu, thelathini na miwili kwenda kando. Kinafanana na kiatu.

Jepkorir, binti wa shangazi, anatengeneza mchezo wa simu. Mchezaji anakama ng'ombe, anajaza vibuyu, anangoja maziwa yagande yawe mursik. Aliniomba nichore kibuyu kwa sababu mimi huchora nembo za sweta kwenye karatasi ya miraba. Nikakubali hapo hapo. Kiherehere changu.

Jumanne, 4 Machi

Nimemtumia Jepkorir. Akajibu kwa ujumbe wa sauti: "Sasa hii ni mandazi ama? Iko flat, Chela." Nikakasirika. Nikakiangalia upya. Kweli ni mandazi.

Anaonyesha mchezo Jumamosi. Kibuyu kisipokuwa cha mviringo kufikia Ijumaa jioni, atachukua kimoja cha mtandaoni kilichochorwa tayari.

Sitaki. Ninachochora ni kibuyu cha kogo, bibi yangu, alichotuachia. Shingo imeinama kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nyuma kina kiraka cha ngozi alichokishona mwenyewe. Kiraka sijakichora, kiko upande usioonekana. Miaka tisa nafuma sweta za oda. Hiki ndicho kitu cha kwanza ninachotengeneza kwa kutaka mwenyewe.

Jumatano, 5 Machi

Kosa nimelipata. Nembo ya sweta tunaizungushia rangi nzito pande zote ili ionekane kutoka mbali. Nami nimekizungushia kibuyu giza pembeni kote, mwanga nikauweka katikati. Mkono umezoea.

Nikatoa kibuyu chenyewe kabatini, nikakiweka dirishani. Hakina mstari popote. Mwanga umekaa begani, kushoto. Giza limeteremka kulia. Katikati hakuna cha ajabu, kahawia tu. Nimefuma muda wote huu na sikuwahi kuangalia kitu cha mviringo.

Mama akakikuta juani. Akakirudisha kabatini, akafunga kwa ufunguo. Jua hupasua kibuyu. Najua hilo tangu utotoni. Aibu tupu.

Alhamisi, 6 Machi

Stima hakuna. Mashine imelala, simu asilimia sita. Nimemkasirikia kila mtu, pamoja na kuku.

Ijumaa, 7 Machi

Stima zimerudi saa tano. Nimemwomba Mama msamaha, kisha nikamwomba kibuyu. Akakitoa. "Weka hapo nyuma ya mlango, kwa kivuli. Na usitoke hapo."

Sikutoka. Nilifuta miraba yote ya giza upande wa kushoto. Nikaweka mwanga begani, miraba minne tu. Nikashusha kahawia hatua kwa hatua kuelekea kulia. Afadhali, lakini kilikuwa bado kama kimebandikwa. Ndipo nikaona kitu: chini kabisa kulia, pembeni mwa giza, kuna wekundu kidogo. Ni sakafu yetu. Rangi ya sakafu inapanda kwenye kibuyu!

Nikaongeza miraba mitano ya wekundu. Kikajaa. Nimekaa nakitazama mpaka chai ikapoa.

Nimetuma saa kumi na moja kasoro. Jepkorir: "Wah. Hii sasa unaweza shika." Nina furaha hadi nimeimba, na mimi siimbi.

Jumapili, 9 Machi

Jana sikwenda kuona mchezo ukionyeshwa, wateja walikuwa wengi. Jepkorir anasema watoto waligombania simu yake. Cha mtandaoni hakukitumia.

Leo baada ya kanisa nimempa Mama simu bila kumwambia chochote. Akavaa miwani. Akaishika karibu, akaipeleka mbali.

"Si hii ni ya kogo?"

Nikasema ndiyo. Halafu akainamisha simu upande mmoja, akainamisha tena zaidi, akachungulia pembeni mwa kioo.

"Na kiraka?"

Nikamwambia kiko huko nyuma. Akaridhika.