Hatuna Lalamiko Lolote

Mama,

Sikuulizi hali yako, maana najua ungejibu "nzuri" hata kama si nzuri. Hilo ndilo lililonikalisha hapa kukuandikia. Nina kesi na wewe.

Lakini kwanza habari za nyumbani. Paa la nyumba yetu ya Black Rock bado linavuja pale juu ya ngazi, na Amosi ameweka ndoo yako ya kufulia ikinge maji. Anasema atapanda kulitengeneza. Wewe unamjua mwanao, basi usisubiri. Chumba chako ndicho ninachosomea sasa. Nguo zako sijazigusa, ila vitabu vimepanda mpaka kitandani, na kila nikiingia nasikia kama utaniuliza nani kaleta takataka hizi. Mchana niko kazini shuleni kama kawaida, nawapigia wazazi simu na kuwatafsiria. Jumamosi nageuka mwanafunzi. Kanisani wameshaanza kuniita Daktari, na juzi mama mmoja kaniletea mtoto mwenye homa. Nilipomwambia mimi ni daktari wa mambo ya elimu, tena bado sijamaliza, alinitazama kama tapeli.

Huenda hakukosea. Kusoma huku kwa vipande vipande, ndani ya basi na saa ya chakula, kumenifanya nishuku kila kitu. Vitabu vinatuzungumzia sisi, Mama. Kimoja kinasema wazazi kama wewe hunyamaza shuleni kwa sababu wanamheshimu mno mwalimu. Kingine kinasema ni lugha. Kingine kinasema ni mambo tuliyoyaona vitani. Nasoma nimekunja uso. Kila mwandishi ana sababu yake ya ukimya wetu, nami najiuliza ni nani kati yao aliwahi kukaa jikoni kwetu siku umetoka kwenye mkutano wa shule, akasikia jinsi usivyonyamaza.

Kushuku huku ulinifundisha wewe. Kambini Kigoma, kabla ya intaviu ya kuja Marekani, ulituketisha mkekani mimi na Amosi ukatuuliza maswali kama afisa. Nani alikimbia kwanza? Mto mliuvuka wapi? Tukikosea unaanza upya. "Msiongeze, msipunguze," ulisema. "Mtu anayeandika huku anatabasamu, mwangalieni mkono, msimwangalie meno." Hatukudanganya. Tulisema kweli, ila tuliisema wote kwa maneno yaleyale, kwa sababu jirani zetu walitofautiana kidogo tu na kesi yao ikalala. Sisi tulipita.

Sasa mtu anayeandika huku anatabasamu ni mimi.

Utafiti wangu ulikuwa na swali moja tu kubwa: wazazi wetu wanaionaje shule ya watoto wao hapa? Wewe ndiye uliyenitafutia watu, Wakongo na Warundi tuliosali nao kanisa moja kambini, waliotawanyika Louisville, Columbus na hapa Buffalo. Na wewe ndiye niliyekuhoji wa kwanza. Ulivaa kitenge cha Jumapili. Ukakaa wima mbele ya kile kinasa sauti, ukatamka polepole: "Shule inatusaidia sana. Walimu wanawapenda watoto. Sisi hatuna lalamiko lolote." Nilicheka moyoni. Nikasema, Mama ana haya na mashine.

Wiki zilizofuata nilikukuta mara kwa mara na simu. Hata pale dukani Grant Street, nilikuwa nachagua dagaa, wewe umesimama kando ya magunia ya unga unanong'ona, na nilipokaribia ukakata. Nikashuku unanificha ugonjwa. Halafu moyo wako ukasimama kweli, theluji ikiwa bado haijayeyuka, na nikajilaumu kwa kutokuuliza. Mpaka mwaka huu niliamini ile ilikuwa simu ya daktari.

Tulipokwisha kukuzika nilisafiri. Shively, kule Louisville, nilifikia kwa Mama Furaha, yule Mkongo wa milimani aliyekuwa jirani yetu kambini. Nilikuta nyumba imepigwa deki na watoto wamepangwa kwenye kochi, wamepakwa mafuta mpaka wanang'aa. Mapajani kwake aliweka ule mfuko wa plastiki wa hati, tuliopewa wote uwanja wa ndege, kama vile ningeweza kumrudisha Kigoma. Kabla sijafungua mdomo, watoto wakaanza kutaja majina yao na tarehe za kuzaliwa, mmoja baada ya mwingine. Ndipo Mama Furaha akasema: "Masomo inatusaidia sana. Balimu banapenda batoto. Siye hatuna lalamiko lolote."

Columbus, kwa Baba Eliya anayefanya kazi ghala la viatu, nikasikia hayohayo. Hapa Buffalo, hayohayo. Nyumba kwa nyumba, hakuna aliyeongeza wala aliyepunguza.

Nilipompelekea msimamizi wangu, profesa mpole sana, alifurahi. Akaniambia majibu yakianza kujirudia ni dalili njema, utafiti umeshiba, sasa niandike. Jibu lako ndilo lililompendeza kuliko yote. Alitaka liwe kichwa cha sura nzima. Nikatoka pale nimeambiwa nimefaulu, nami siamini. Nilijua watu waliofanana hivyo wametoka kwenye mkeka. Ila sikujua ni mkeka wa nani. Nilimshuku mchungaji. Nikawashuku wale wa ofisi ya wakimbizi. Kuna siku nilijishuku mwenyewe, kwamba labda nauliza kwa namna ya kuwawekea watu maneno mdomoni.

Nilikuwa na njia mbili. Niandike uongo uliopangwa vizuri, nimalize, nivae joho, na watu wa shule wasome kwamba wazazi wetu wameridhika, basi wasibadilishe kitu. Au nikubali kwamba miaka yangu ya Jumamosi imekwenda na maji.

Nikarudi Shively. Safari hii kinasa sauti nilikiacha ndani ya gari. Ikawa kosa jingine, maana Mama Furaha alizidi kuogopa. Akaniuliza kalamu iko wapi. Nikamwambia leo nimekuja kumsalimia. Hakuniamini hata kidogo. Tukapika sombe ya majani ya muhogo, tukala, tukaosha vyombo, bado ananitazama mikono. Mwishowe nikamuuliza waziwazi ni nani aliyewafundisha kujibu vile.

Alikausha mikono kwa kitenge. Kisha akasema, "Mama yako alitupigiaka simu. Siye bote. Alisema, 'Mutoto wangu iko na intaviu kubwa ya masomo. Majibu ikiachana, banamukatala. Musimuangushe.' Bon. Na kiisha akakufa. Sasa siye tungefanya namna gani? Neno ya mufu ile."

Mama. Nilikaa juu ya kile kiti nikacheka mpaka nikashindwa, halafu nikalia mbele ya watoto wa watu. Ulidhani mimi ndiye ninayehojiwa. Ulidhani kuna afisa mahali fulani ameshika faili langu, na nyumba zote zikisema kitu kimoja, binti yako atapita. Ukapanga miji mitatu kama ulivyotupanga mimi na Amosi. Na uliniona nahangaika na vitabu vyangu, ukanong'ona kwenye simu, ukakata nikikaribia. Ule ugonjwa niliokushuku nao ulikuwa ni mimi.

Nilikasirika pia. Nakuambia usije ukasikia kwa wengine. Nilikasirika njia nzima ya kurudi.

Lakini kabla sijaondoka, Mama Furaha alinishika mkono akaniuliza, "Donc, weye unataka ya kweli ao ya kupita intaviu?" Nikamwambia ya kweli. Nikamwapia kwamba huko ninakosoma ukweli haumfelishi mtu, na hapohapo nikajiuliza kama nina hakika. Akanieleza. Furaha aliondolewa darasani akawa anafundishwa peke yake kwenye kiti cha korido, na mama yake alitakiwa atie sahihi karatasi aliyoambiwa ni ya chakula. Aliyajua yote siku ile nilipokwenda na mashine. Alikuwa ameyapakata pamoja na ule mfuko.

Nimemwambia msimamizi kila kitu. Alivua miwani, akasema itabidi nirudi kwa watu wote, na nisitarajie kumaliza hivi karibuni. Hakunifukuza. Bado namshuku kidogo, maana alikuwa akiandika huku anatabasamu.

Usidhani nimepona lakini. Nilipofika tena Columbus, Baba Eliya alinipokea na malalamiko mlangoni, kabla sijakaa: mwanawe naye kawekwa kwenye korido. Kwenye kiti. Nikasema moyoni, haya, wameshapigiana simu, sasa wamesikia nataka malalamiko. Nikamuuliza ni korido ya wapi, kiti cha namna gani, mwalimu ni nani. Akanichukua kwa gari lake mpaka shuleni, akaniambia nichungulie kioo cha mlango. Kiti kilikuwepo, karibu na bomba la maji ya kunywa. Safari hii majibu yalifanana kwa sababu mambo yenyewe yalikuwa yamefanana.

Sasa kesi yangu na wewe. Wengine wote naweza kuwarudia. Wewe nimebaki na ile sauti ya kitenge cha Jumapili, sauti uliyokuwa ukiwatunzia maafisa. Nimeisikiliza nikitafuta pahali ulipojisahau. Hakuna. Ulikuwa hodari mno. Siku Amosi aliposimamishwa shule ulikaa mbele ya mkuu ukaitikia kila neno, mimi nikitafsiri, na mpaka leo sijui ulitaka kumwambia nini yule bwana. Ningetoa joho na kofia yake nilisikie neno hilo.

Profesa aliniambia jibu lako niliondoe, halifai tena kama ushahidi. Nimekataa. Nimeliacha kama ulivyolitamka, na chini yake nimeandika: Huyu alijibu hivi ili mwanawe afaulu.

Nakuahidi nitawarudia watu wako nyumba kwa nyumba, na sitawaacha wakusemee tena maneno yale. Wameyabeba vya kutosha. Na siku nikiulizwa mbele ya maprofesa, nitaongeza na nitapunguza, unisamehe.

Lala, mama yangu. Ulisema wasiniangushe, na hawakuniangusha.

Binti yako,
Esteri