Punje za Takwimu

Skola,

Sijui huko uliko kama wanakuuliza habari za mtihani. Hapa Majengo hawaulizi kingine. Hesabu tumefanya Jumanne hii, miezi miwili tangu malaria ikuchukue, na hata siku hiyo jina lililotajwa lilikuwa lako.

Acha niseme lililonikaa moyoni tangu kidato cha tatu. Nilikuonea wivu. Ile mitihani ya miaka ya nyuma aliileta mjomba wangu, yule wa kwenye treni ya Tabora. Mfuko wa saruji tuliochorea jedwali ulikuwa wa kwetu. Mahindi yalikuwa ya mama yangu. Wewe ulichora mistari tu: miaka minane juu, mada pembeni, na mada ikitoka mwaka fulani tunagandisha punje kwa ugali. Safu iliyojaa punje tunaisoma kwanza, yenye mapengo tunaiacha mwisho. Haya, wazo lilikuwa lako. Lakini Mwalimu wa hesabu alipoliona alisema, "Nyie, someni kama Skola," na tangu hapo likaitwa jedwali la Skola. Hata mama yangu akawa ananilinganisha nawe kila nikiunguza mboga.

Ulipokufa nilidhani, naona aibu kuliandika hili, nilidhani nitapumua. Wapi. Mazishini sifa zako ziliongezeka. Kisha Mwalimu akahamishwa, tukabaki bila mtu wa hesabu, na mkuu wa shule akaniagiza nilete jedwali lako likabandikwe darasani. Lako, na lilikuwa limetundikwa jikoni kwetu.

Lilikuwa limepata unyevu, nikalianika uani. Niliporudi kutoka kuchota maji nikamkuta juu yake yule kuku mwekundu wa mama, yule uliyemwita Mkaguzi. Safu ya takwimu na ya vekta alikuwa amezidonoa zote, punje na ugali wake.

Karatasi za mitihani zilikuwa kwenu, ndani ya sanduku lako. Ni nyumba ya nne kutoka kwetu. Ningehesabu upya kwa nusu saa. Sikwenda. Mama yako angelifungua lile sanduku huku akilia na kunisimulia akili zako, na mimi nilikuwa nimechoka kuzisikia. Nikajisemea, kwani ni Skola peke yake anayejua? Nikagandisha kwa kukisia. Vekta nikaijaza miaka yote. Takwimu nikaipa punje mbili.

Darasa zima liliamini, maana lilikuwa jedwali lako. Tukasoma vekta mpaka tukachoka, takwimu tukaiweka kando. Jumanne takwimu ikatoka na alama zake nyingi, na vekta ikaja na kijiswali kimoja. Tulipotoka nje wakaanza: "Skola katuingiza mkenge." "Kumbe naye alikuwa anabahatisha." Na mimi, Skola, nilifurahi. Kama dakika tano hivi nilifurahi kweli.

Jana nikakutana na mama yako kisimani. Akatua ndoo, akaniuliza taratibu, "Oliva mwanangu, eti Skola wangu aliwapoteza wenzake?" Nikasema sijui, nikajitwisha maji yangu nikaondoka. Ndoo yangu ilikuwa haijafika hata nusu.

Tangu hapo nikimega ugali naurudisha sahanini. Nakuona ukilamba ule ugali wa gundi vidoleni na kuniambia nisimwambie mama. Upande wako wa dawati hakuna aliyekaa. Wakitaka kukaa nawafukuza mimi.

Kesho baada ya misa nakwenda kwenu. Nitamwomba mama yako sanduku, nitahesabu takwimu mwaka kwa mwaka mbele yake, kisha nitamwambia habari ya kuku na habari yangu. Jumatatu tukimaliza karatasi ya mwisho nitawaambia na wenzetu, kabla hawajatawanyika. Najua watanichukia. Wengine huenda wamefeli kwa sababu yangu, na hilo sina la kulirekebisha.

Usidhani wivu umeisha. Mfuko wangu, mahindi yetu, mjomba wangu, hata sifa za mama yangu, vyote ulivipata wewe. Hili kosa hulipati. Nimelifanya mwenyewe kwa mikono yangu, na nakuahidi litaitwa kwa jina langu.

Pumzika, shoga yangu.

Oliva, wa dawati lako