Bosi Anataka Nichore Rangi za Wenzangu

Mpendwa mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumamosi, maana jioni hiyo tuna mbio. Mimi ni fundi wa magurudumu kwenye timu ya mbio za magari, tuko wanne, kila mtu na gurudumu lake, na ukishakaza nati unachora mstari wa rangi yako kutoka kwenye nati mpaka kwenye rimu, mimi ni njano, ili nati ikilegea mstari ukatike uonekane, na dereva kabla hajavaa helmeti huzunguka gari, akiona rangi zote nne anaingia, haulizi kitu. Sasa wenzangu wamechoka kukesha gereji bila ovataimu, bosi anatuambia, "Sisi ni familia, jamani, mtalipwa tukishinda," tumeshinda na hatujalipwa, kwa hiyo wamesema Jumamosi saa zao za kazi zikiisha wanaondoka hata kama gari liko juu ya jeki, nami nikaitikia, lakini bosi akanivuta pembeni akaniwekea mkononi kalamu nyekundu, bluu na nyeupe, akasema, "Wewe una akili kuliko wale. Baki, kaza utakazoweza, chora zote. Ovataimu yako nakulipa yote siku hiyohiyo." Nikamwambia mtu mmoja hawezi kumaliza magurudumu yote kwa muda utakaobaki kabla ya mbio, akacheka tu. Mshauri, kodi ya nyumba tunadaiwa, mke wangu anasema nichukue hela hiyo, wenzangu hawanilishi, lakini dereva mwenyewe ni mume wa dada yangu, na jana kanipigia, "Shem, mbona mko kimya, kuna nini?" nikamjibu hakuna kitu, tuko poa. Nikikataa nafukuzwa. Nifanye nini nibaki na kazi na wenzangu wasijue?

Fundi wa Njano

JIBU

Fundi wa Njano, pole sana. Kudaiwa kodi huku jasho lako limekaliwa na mtu mwingine kunauma, na hapo niko upande wako. Lakini hebu soma tena swali lako. Umeniuliza ufanyeje wenzako wasijue. Hukuniuliza shemeji yako atafikaje mwisho wa mbio. Hapo umeniudhi, sikufichi.

Bosi wako hana hela ya ovataimu, ila ya kalamu anayo! Na kama anaweza kukulipa wewe yote siku moja, basi hela ipo. Waambie wenzako hivyo leo, mwende kwake wote wanne, mdai kwa maandishi, na akiwazungusha mpeleke malalamiko ofisi ya kazi. Kalamu zake mrudishie mbele yao. Na mkeo mweleze habari yote, maana naona umemweleza ya hela tu. Muulize kama yeye angepanda gari hilo.

Yawezekana ukafukuzwa, sitakudanganya. Lakini mikono unayo, gereji nyingine zipo. Dada yako akija kukuuliza nani alikaza gurudumu la mbele, utamwonyesha kalamu?

Mumewe alikuuliza kuna nini. Mpigie sasa hivi umjibu, gazeti utamalizia baadaye.