Ruhusa ya Udongo

Kaka Danieli,

Shikamoo. Nimekaa kidogo baada ya kuliandika neno hilo, maana ulikuwa na tabia ya kuitikia marahaba yako kabla mtu hajamaliza kukuamkia. Leo nimemaliza, na kimya.

Nimechoka, kaka. Naanza na hilo ili nisijifanye. Asubuhi shamba la kijiji, halafu madarasa yangu, halafu madarasa yako, kwa sababu mwalimu wa kuziba nafasi yako bado yuko njiani tangu masika yale yaliyokuchukua. Jioni Mama anataka kukandwa miguu. Katikati ya yote hayo wasichana wako wa mpira wa kikapu wanakuja kusimama mlangoni na ule mpira wako uliochubuka. Wananitazama tu. Wewe ungewafukuza? Basi na mimi nilishindwa.

Unanijua mimi na michezo. Nilikuwa napita kando ya uwanja wako na ndoo kichwani, nakusikia unapuliza filimbi, najisemea huyu mtu mzima ana nini. Sasa filimbi hiyo iko shingoni kwangu. Mama ameniambia niifue kamba yake, nikasema ndiyo. Sijaifua. Ina jasho lako bado.

Habari niliyotaka kukupa ni ya Kilosa. Tulialikwa kucheza na shule moja ya mjini, pale Magomeni ya huko huko Kilosa, kwenye sakafu ya saruji ya lililokuwa ghala la mkonge. Wasichana walipanda lori la kijiji wakiimba njia nzima. Hawakuwa wamewahi kucheza juu ya saruji. Mwanaidi alipoudundisha mpira mara ya kwanza ukamrudia mpaka kidevuni, akacheka peke yake kama mwehu. Ungempenda siku ile.

Halafu ikaja filimbi. Mwanaidi alikuwa amedundisha, akaushika mpira kwa mikono miwili, akatazama huku na huku, akaanza kudundisha tena. Mpira wakapewa wenzao. Nikadhani mwamuzi amekosea. Punde mwenzake, Tatu, naye akafanya vivyo hivyo, na filimbi tena. Mwamuzi alikuwa anapigapiga hewa kwa viganja viwili kama mtu wa ngoma, anasema, "Dabo!" Kila tukipata mpira, dabo. Ilipofika mapumziko wasichana walikuwa wanauogopa mpira wenyewe, wanausukumiana kama kaa la moto. Watu wa mjini wakaanza kucheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini kicheko ni kicheko.

Mwamuzi akanifuata, kijana wa watu, ana adabu zake. Akaniamkia, akanieleza polepole. Mchezaji anadundisha kwa mkono mmoja huku anakwenda. Akishaushika mpira kwa mikono miwili, kudundisha kwake kumekwisha. Haruhusiwi kuanza tena. Ampe mwenzake, au arushe kikapuni. Kisha akauliza, "Samahani, Mwalimu. Hawa nani aliwafundisha hivi?"

Wasichana wote walinigeukia. Jibu walilijua, kaka, na mimi nililijua. Uwanja wetu ni ule udongo mweusi unaopasuka kiangazi, na mpira ukiingia kwenye ufa hauinuki. Ndiyo maana wewe uliwaruhusu: mpira ukifia kwenye ufa, uokote kwa mikono miwili, uanze upya. Wenyewe wakaiita ruhusa ya udongo. Wamecheza hivyo mpaka mikono imezoea, hata mahali pasipo na ufa wowote.

Nikamjibu, "Mimi."

Tulifungwa vibaya. Kurudi hakuna aliyeimba. Tulipokaribia Rudewa, Mwanaidi akajisogeza kwangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mwalimu, mbona umejisingizia?" Nilikuwa nimekukasirikia wewe, na kumkasirikia marehemu kunachosha kuliko palizi, maana hakuna wa kujibizana naye. Ulijua au hukujua? Kama hukujua, ulikuwa unawafundisha nini watoto wa watu? Na kama ulijua, mbona uliwaacha wakaaibike mbele ya mji mzima? Nilikuuliza hayo usiku na mchana, nikiosha vyombo, nikisahihisha madaftari. Nilikuuliza mpaka Mama akadhani nina homa.

Tulipokutana tena uwanjani nikawaambia wasichana kuanzia leo ruhusa ya udongo hakuna. Wakagoma. Hawakupiga kelele, walikaa tu chini, mmoja baada ya mwingine. Tatu akasema, "Mwalimu Danieli alituruhusu." Nikamwambia Mwalimu Danieli hayupo. Lilinitoka hivyo hivyo, kavu. Sikuwa nimewahi kulisema kwa mdomo wangu.

Unaelewa, kaka? Nguo zako nimezigawa mimi. Kitanda chako nimekitoa mimi. Jina lako kwenye ratiba nimelifuta mimi, ubaoni, kwa sababu Mwalimu Mkuu alisema linawachanganya wageni. Kila kilicho chako lazima mkono wa kukiondoa uwe wangu, na sasa nikiondoe na hiki kidogo walichobaki nacho wasichana. Nikawaambia waende zao nyumbani.

Jioni ile, nikimkanda Mama miguu, nikamwambia, "Mwanao alikuwa haijui sheria ya mpira wake mwenyewe."

Mama akacheka. Tangu tukuzike sikuwa nimemsikia akicheka. "Nani, Danieli? We mtoto, umekisahau kibuyu changu cha togwa? Si alikivunja akikufundisha hiyo hiyo sheria yenu?"

Ndipo nikakuona. Uani kwetu kule milimani, umerudi likizo kutoka shule ya misheni na mpira wa kuazima, na mimi hata meno ya utoto sijamaliza kung'oa. Nadundisha, naushika, naanza tena, na kila mara unaninyang'anya. "Ukishaushika, safari imekwisha. Toa au rusha." Nikarusha kwa hasira, na kibuyu cha Mama kikapasuka, togwa ikamwagika mpaka kwenye majivu. Mama akatoka jikoni na mwiko, akauliza ni nani. Ukasema, "Mimi." Mpaka leo anaamini ni wewe, na jioni ile pia sikumsahihisha.

Basi ulijua. Nikakumbuka na siku nyingine, Mwanaidi akiwa bado mdogo, mpira umemfia kwenye ufa na wenzake wanamzomea, anataka kuacha mchezo. Ulichuchumaa mbele yake. "Kosa si lako, ni la udongo. Wewe okota, anza tena. Mvua zikiisha tutaupiga huu uwanja uwe kama sakafu." Uliahidi hivyo kila mwaka, mpaka masika yale. Mvua ziliisha, kaka. Wewe ndiye hukuzimaliza.

Nikaenda kwa Mwenyekiti wa kijiji. Akashangaa. "Mwalimu, watu wana kazi za shamba, wewe unataka tupige sakafu ya kuchezea?" Nikamwambia kazi hii ni yako wewe, kaka, uliiacha nusu. Akavuta kofia yake. "Haya. Alasiri moja tu." Kina mama wakaja na vibao vyao vya kupigia sakafu za nyumba. Wasichana wakasomba udongo wa kichuguu na maji. Mama naye akajikongoja na fimbo yake, akakaa kwenye kigoda, akatuambia wote kwamba tunapiga vibaya. Nilipochota udongo wa kwanza kwa kiganja ili niutie kwenye ufa, mkono ukasita. Mara ya mwisho kuurusha udongo kwa kiganja ilikuwa juu yako. Mama aliniona. Akasema tu, "Tia, mwanangu." Nikatia.

Uwanja ulipokauka, tulicheza. Mwanaidi akaja mbio na mpira, akafika pale palipokuwa na ule ufa mkubwa, na kwa mazoea akaushika kwa mikono miwili. Filimbi ilikuwa mdomoni mwangu. Akanitazama. Akatazama chini, akapapasa ardhi kwa wayo kana kwamba anamtafuta mtu. Kisha akamtupia Tatu. Sikupuliza. Nililia, kaka, na wasichana wakajifanya hawanioni.

Uchovu haujaniisha. Naandika haya na macho yanafumba, na kesho ni shamba tena. Lakini swali lile limeniachia.

Wenzetu wa Mikumi wametualika tukishavuna. Wewe lala, kaka. Zamu yako uliimaliza, uwanja umepigwa, Mama nipo naye. Naahidi tutakwenda, hata kama ni kwa miguu. Na mwamuzi wa huko akiniuliza hawa wasichana nani aliwafundisha, safari hii sitasema mimi. Nitalitaja jina lako. Asipouliza, nitamfuata nimwambie.

Mdogo wako,
Rehema