Pumzi ya Sista Flaminia

Parma, 12 Machi 1687

Dada Ersilia, shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani huko utawani? Sisi wazima, ila mama goti linamsumbua, na analisalia kwa sauti ili sote tujue.

Nina ombi. Wanafunzi wangu nikiwapa besi tupu, noti za mkono wa kushoto pekee zenye tarakimu juu yake, hawajui mkono wa kulia ujaze nini. Wewe unajaza papo hapo. Niandikie unavyozijaza besi zangu kumi na mbili. Ni kwa darasa tu. Pokea na jibini.

Mdogo wako, Prospero

Modena, 2 Mei

Mdogo wangu, marahaba. Milele amina. Mimi mzima, na jibini tulilimaliza kabla Mama Mkuu hajanusa. Mpe mama pole.

Umeniomba kigumu. Sijazi mara mbili namna moja. Namsikiliza anayeimba, akichoka namngoja, akikosea namfunika. Hata hivyo nimeziandika zote, vile nilivyompigia Sista Flaminia alipoimba wakati wa Pasaka. Zisitoke mikononi mwako. Askofu amekataza muziki wetu kuvuka ukuta, na sina changu kingine humu ila kinanda hiki.

Dada yako, Ersilia

Modena, 19 Septemba

Prospero, natumaini u mzima. Nilikuwa nashangaa kimya chako. Wakili wa askofu amekuja na kitabu cha besi nilizokujazia, kimepigwa chapa, jina lako mbele, na ndani umemwambia mtawala wa Parma kwamba yote yametoka mkononi mwako.

Mama Mkuu alipoipiga besi ya tano, masista wakacheka. Kuna mahali sauti zinasimama kitambo bila sababu. Sababu tunaijua sisi: Flaminia ana pumu, na hapo mimi humngoja avute pumzi. Umeichapa hata hiyo. Sasa wapiga vinanda wote wa Parma wanamngoja Flaminia.

Wakili hakucheka; alitambua kuwa muziki wetu umevuka ukuta. Amekifunga kinanda na ufunguo ameondoka nao. Umenisaliti, Prospero, mimi niliyekufundisha noti ukiwa mapajani mwangu.

Dada yako

Parma, 3 Oktoba

Dada, shikamoo. Poleni nyote. Nina aibu, lakini jina la mtawa lisingechapwa, ningefanyaje? Nitamwandikia askofu, sikukuu ikipita.

Kwanza niokoe. Siku ya Mtakatifu Luka, tarehe kumi na nane mwezi huu, mtawala ataniwekea besi mpya mbele ya wageni niijaze papo hapo. Mimi mpiga fidla tu, unajua. Mnakili wa noti zake amenipa besi yenyewe kwa siri, hii hapa. Nijazie. Nikikwama nitafukuzwa, na mama anakula kwangu.

Mdogo wako, Prospero

Modena, 11 Oktoba

Prospero, marahaba. Sisi wazima. Mama aje huku Modena, shangazi atampokea.

Besi imefika. Nimeijaza kwa vidole juu ya meza ya chakula, na Flaminia akaimba juu yake taratibu. Sijawahi kujaza vizuri kama leo. Wino ninao, karatasi ninayo.

Nakurudishia besi yako kama ilivyokuja.

Sista Ersilia