Jino la Amani

Baba Neema wangu,

Leo asubuhi nilikuwa kati ya usingizi na kuamka. Jua la Bellevue, mtaa wetu huu wa ugenini, lilikuwa limeingia dirishani, vumbi la nyuzi likielea juu ya cherehani yako kama enzi zile za kushona sare za shule. Nikakusikia ukipiga mluzi. Nikatulia tuli, nisije nikakufukuza.

Unakumbuka jino la kwanza la Neema? Ulilifunga uzi, ukaanza kumpigia hadithi za Lubumbashi na mjomba wako mlevi. Alipofungua kinywa kucheka, ukavuta. Kisha tukagombana. Mimi wa Tanga nataka lirushwe juu ya paa, wewe umeshikilia kwamba kwenu huachiwa panya. Neema akatuacha na ubishi wetu, akalitia kwenye ndala yake kama wenzake wa shule, panya alichukue usiku na kumwachia pipi. Ulivyofurahi! "Umeona, Mama Neema? Panya yangu imeshinda."

Amani, mdogo wake, naye akataka lake litolewe siku hiyo hiyo, hata kucheza halijaanza. Ukamshika kidevu ukamwambia kwa Kiswahili chenu cha Lubumbashi, "Yako, mi njo nitaitoa. Hakuna mwengine." Ahadi ni deni, mwenzangu, na mtoto hasahau.

Sasa zamu yake imefika na wewe hupo. Jino la chini lilicheza siku nyingi, jipya likachomoza nyuma yake, naye hataki liguswe, si na mimi, si na nesi wa kliniki. Alikula kwa upande mmoja. Kila nikimbembeleza, jibu ni moja, kwa Kiingereza chake cha shule, kwamba Papa alisema atalitoa yeye. Alikuwepo makaburini tulipokuzika, nilidhani ameelewa. Nilikukasirikia, sikufichi. Nilikuona mwongo. Halafu hasira ikaniishia, nikabaki kukukumbuka tu.

Basi asubuhi hii, bado nausikiliza mluzi wako, Amani akaingia kutoka uani. Mdomo una damu kidogo, jino liko kiganjani. Amelitoa mwenyewe, kwa vidole vyake. Nikamuuliza tu anataka tulifanyeje. Akaonyesha paa.

Tukasimama uani pamoja, akalirusha. Likagonga bati, na hadeda, wale ndege wa midomo mirefu wanaotuamsha kila alfajiri, wakaruka wakipiga makelele yao. Tukawatazama mpaka wakapotelea upande wa mtaa wa Kensington.

Unajua huwa naongea na wewe nikipika. Nilidhani watoto hawanisikii. Amani akanivuta kanga, akasema kwa Kiswahili, yeye ambaye Kiswahili hakimtoki ila kwa nadra:

"Mama, umwambie Papa asihangaike kuja. Limetoka."

Nimekuambia, mume wangu. Pumzika.

Mkeo,
Mama Neema